CRASSUS: MWANASIASA ALIYENUNUA NYUMBA ZIKIWAKA MOTO

(Maneno niliyoyasema mbele ya Waswahili wenzangu hapa Marshalltown, Johannesburg)



Nilipoombwa nizungumzie uongozi na mali, najua wengi mlitegemea nianze na Mwalimu au Mandela. Mimi ni muuguzi, siyo mwanahistoria, lakini leo naomba niwapeleke Roma ya kale, kwa bwana mmoja aitwaye Marcus Licinius Crassus. Julius Caesar tunamjua, maana Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963. Crassus hayumo mle, kwa kuwa alikufa miaka 9 kabla Caesar hajauawa. Lakini fedha zilizombeba Caesar mwanzoni nyingi zilitoka kwake.

Alizaliwa kama mwaka 115 K.K. katika ukoo wa viongozi. Mwaka 87 K.K. wapinzani wao waliiteka Roma, akapoteza baba na kaka, akakimbilia Hispania na kujificha pangoni miezi 8. Yaani alikuwa mkimbizi, kama baadhi yetu tulioko humu ndani. Mtu angetegemea kwamba aliyelala pangoni angewaonea huruma wasio na pa kulala. Haikuwa hivyo.

Alirudi na kundi la jemadari Sulla, wakashinda mwaka 82 K.K. Sulla akabandika majina ya watu wa kuuawa, mali zao zikapigwa mnada, na Crassus akazinunua kwa bei ya kutupa. Kisha ukaja mradi wake mkubwa zaidi. Nyumba za Roma zilikuwa ndefu na zimebanana, na moto ulikuwa jambo la kawaida. Mwandishi Plutarch anaeleza kwamba Crassus alinunua watumwa mafundi zaidi ya 500, halafu nyumba ikiwaka alikwenda kuinunua pamoja na zile za jirani. Wenyewe kwa hofu waliuza kwa bei ndogo. Hivyo sehemu kubwa ya jiji ikawa mali yake.

Wapo wanaosimulia kwamba alikuwa na zimamoto yake iliyosubiri na ndoo mpaka mwenye nyumba akubali bei. Plutarch hasemi hivyo. Na kwangu mimi hilo ndilo linalotisha zaidi. Crassus hakulazimika kuwasha moto wala kuuzima. Kilichomtosha ni jiji lisilojali.

Utajiri ukamfungulia siasa. Mwaka 71 K.K. aliuzima uasi wa watumwa wa Spartacus, na mateka 6,000 wakasulubiwa kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma. Alishika ukonsuli, cheo cha juu kabisa, mara mbili, mwaka 70 na 55 K.K. Alimdhamini Caesar kwa madeni ya talanta 830, na mwaka 60 K.K. wakaungana wao wawili na Pompey kuiendesha nchi kwa makubaliano ya chumbani. Tamaa ya sifa za vita ikampeleka kupigana na Waparthi, akauawa karibu na Carrhae mwaka 53 K.K., na askari kama 20,000 wakafa pamoja naye.

Sasa, Roma inahusiana nini na Marshalltown?

Ndugu zangu, hapa hapa mtaa wa Albert, alfajiri ya tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso liliungua na watu zaidi ya 70 wakafa. Walikuwemo wenyeji, walikuwemo Wamalawi, walikuwemo Watanzania. Wakati wa ubaguzi wa rangi jengo lile lilikuwa ofisi ya pasi za Waafrika. Baadaye likawa makazi ya akina mama, mwishowe likaachwa, watu wakagawana vyumba kwa mbao na mabati. Mimi kwa kazi yangu nawaambieni, kwenye moto wa namna ile moshi mara nyingi huua kabla ya miali. Mlango ukifungwa kwa kufuli, dakika chache tu zinatosha.

Mwenye jengo hakuwa Crassus. Alikuwa ni jiji lenyewe. Tume ya Jaji Khampepe ilisema mwaka 2024 kwamba jiji lilijua hali ile tangu angalau mwaka 2019 na halikuchukua hatua. Kwenye majengo kama hayo uzembe wa mkubwa unawapa riziki wajanja, wanaokusanya kodi ya chumba kisicho chao. Crassus angewaelewa vizuri sana.

Roma ilibadilika mwaka 6 B.K., Augustus alipounda vikosi 7 vya kulinda jiji usiku na kuzima moto, kwa fedha za umma. Augustus hakuwa malaika, na fedha zenyewe zilitoka kwenye kodi ya mauzo ya watumwa. Lakini ilikubalika kwamba kuzima moto ni kazi ya serikali, siyo biashara ya tajiri.

Hapa wengi wetu hatupigi kura, lakini tuna midomo. Tuulize kila jengo tunamolala: mlango wa pili uko wapi, na ufunguo anao nani? Na ninyi mtakaosoma haya mkiwa nyumbani, Dar, Mombasa au Kampala, mnayo kura. Diwani akija kuomba kura, mwulizeni zimamoto ina magari mangapi yanayotembea.