Kadiri ya Kuiamini Oksimita kwa Mtoto Mgonjwa



Tangu Mjapani Takuo Aoyagi alipotangaza, mwaka 1974, ya kwamba kwa kuufuata mpigo wa mshipa yamkinika kuitenga damu ya ateri na nyama iliyoizunguka, chombo hiki kidogo cha kubana kidoleni kimejipatia heshima kubwa, hata mzazi aliyemleta mwanawe usiku huitazama nambari yake kabla ya kumtazama tabibu.

Kazi yake ni kupitisha nuru mbili, nyekundu na infraredi isiyoonekana, na kwa kadiri kila moja inavyofyonzwa na damu, hukisia sehemu ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Nasema hukisia kwa makusudi, kwani vyombo hivi vilisawazishwa kwa watu wazima wenye siha waliopunguziwa oksijeni kwa ridhaa yao, wala si kwa mtoto mchanga anayetweta kwa homa ya mapafu. Na kwa kuwa hata kilicho bora hupotoka kwa 2 au 3 katika mia, ilhali mwongozo wetu waamuru oksijeni itolewe kipimo kishukapo chini ya 90, mwenye 91 na mwenye 89 huenda hali yao ni moja.

Lakini makosa hayalingani kwa hatari. Yako yanayoishusha nambari au kuiyumbisha: mkono wa baridi, mtoto anayelia na kurusha miguu, kibanio cha mtu mzima kwenye kidole cha kichanga, na, kwa hapa kwetu Pwani, piko ya arusi kuchani. (Hina nyekundu haina dhambi kubwa.) Haya ni ya kuudhi, na aghalabu hujifichua yenyewe.

Ninayoyahofu ni yale yanayotutuliza. Mtoto aliyelala chumba kimoja na jiko la makaa huvuta kaboni monoksaidi, nayo oksimita, isiyoweza kuipambanua na oksijeni, husoma 98 kwa utulivu kamili. Mwaka 2020 matabibu wa Michigan, Marekani, walionyesha ya kuwa miongoni mwa watu wazima waliosomwa 92 hadi 96, weusi waliokutwa kwa kipimo cha damu ya ateri kuwa chini ya 88 walikaribia 12 katika mia, ilhali weupe hawakuzidi 4. Na wagonjwa wetu karibu wote ni weusi. Kisha kuna malaria na selimundu: himoglobini ikishuka hadi gramu 4 kwa desilita, chombo chaweza kusema 97, na kisiseme uongo, kwani hicho kidogo kilichobaki kimejaa, mtoto ndiye asiyetoshelezwa.

Kwa hiyo nambari nzuri na isailiwe zaidi ya mbaya. Mpigo unaoonyeshwa na chombo ulinganishwe na ule uliohesabiwa kwa sikio kifuani, wimbi lake lingojewe litulie, kichanga apimwe wayoni. Na mtoto anayekoroma, anayeshindwa kunyonya, au mwenye ulimi wa buluu, apewe oksijeni, nambari iseme itakavyo.

Na barua ya rufaa inayovuka feri ya Likoni kwenda Hospitali Kuu ya Pwani isiandikwe "95" pekee. Ionyeshe kiungo kilichopimwa, mapigo, kiasi cha himoglobini, na kama mtoto alikuwa akivuta hewa ya kawaida au ya mtungi.