Zinj Alikula Nini?



Katika kongamano moja, mwenzetu ambaye namheshimu sana alisema kwamba akipewa fuvu zima lenye meno hahitaji maabara: atawatajia chakula cha mnyama huyo kabla chai haijapoa. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, na mhadhara huu ndio jibu langu.

Misingi anayoisimamia naikubali. Simba ana meno ya kukata, pundamilia ana magego marefu ya kusaga. Hayo ni ya mwaka wa kwanza, tuyapite. Ugomvi wetu unamhusu Zinj, yule jamaa wa kale wa ukoo wa binadamu ambaye Mary Leakey aliliona fuvu lake Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa amelala kambini anaumwa. Ana umri wa karibu miaka milioni 1.8, na wengi wetu sasa tunamwita Paranthropus boisei. Utosini ana kishungi cha mfupa, mahali pa kushikia misuli ya kutafuna. Mifupa ya mashavu imetanuka pembeni kuipisha misuli hiyo. Magego ni mapana kupita kiasi, enameli yake nene, ilhali meno ya mbele ni madogo, yamebanana kama abiria wa daladala ya jioni.

Phillip Tobias aliliandikia fuvu hili moja kitabu kizima, kilichotoka 1967. Naomba mniwie radhi, nikikitaja kitabu hiki huwa nasahau saa. Alilipitia fuvu kipande kwa kipande, akayapitia meno jino kwa jino, akilinganisha na visukuku vya Afrika Kusini, na nyani wakubwa, na sisi wenyewe. Wanafunzi wangu hunung'unika nikiwalazimisha kukisoma. Wasome tu. Hakuna aliyewahi kulitazama jino la Olduvai kwa subira kama ile.

Tatizo ni hitimisho ambalo watu walilibeba kutoka kwenye umbile hilo: taya kubwa, enameli nene, basi alikuwa akivunja kokwa na mbegu ngumu. Mwenzangu bado analishikilia. Sasa, kitu kigumu kikivunjwa kwa gego huacha vishimo juu ya enameli. Mwaka 2008 Peter Ungar, Frederick Grine na Mark Teaford waliyachunguza kwa hadubini magego ya boisei saba. Walikuta mikwaruzo myembamba. Vile vishimo vya mvunja kokwa havikuwepo. Mwaka 2011 Thure Cerling na wenzake wakapima isotopu za kaboni katika enameli ya boisei 22 wa Kenya: kwa wastani, asilimia 77 ya chakula chao ilitokana na mimea ya kundi la C4, yaani nyasi za nchi za joto na baadhi ya jamii ya mafunjo. Kokwa za miti hazimo katika kundi hilo. Na ndugu yake wa Afrika Kusini, mwenye fuvu la muundo uleule, hakufikia hata nusu ya kiwango hicho. Mafuvu yanafanana, sahani zinatofautiana. Chai imepoa, naye hajataja chakula.

Nimtendee haki. Magego saba ni machache, na alama za juu ya jino hufutika baada ya muda mfupi. Yawezekana kokwa zilikuwa chakula cha msimu wa njaa tu, na fuvu likaumbwa na msimu huo. Sokwe wa milimani hutukumbusha kwamba mnyama hula kinachopatikana. Lakini isotopu huhifadhi muda wote enameli ilipokuwa ikijengwa, si mlo wa juzi. Tena mtazameni panda wa China: ana kishungi, ana mashavu yaliyotanuka, ana magego mapana, na kazi yake ni kutafuna mianzi kutwa nzima. Taya kubwa haimaanishi lazima pigo moja zito. Inaweza kumaanisha maelfu ya matafuno ya kitu kikavu chenye nyuzinyuzi.

Kitu gani, basi? Isotopu hazitenganishi nyasi na mafunjo. Mimi nasema ndago, ya jamii ya mafunjo. Nimekua nikiing'oa shambani kwa bibi, aliyeiita balaa. Sisi watoto tulivifuta udongo vile vinundu vya mizizini, tukavitafuna. Vina utamu, vina wanga, na vinachosha taya. Mwaka 2014 Gabriele Macho alitetea ndago hiyohiyo akiwatumia nyani wa Amboseli, na nilifurahi kupita ilivyompasa mtu wa sayansi.

Mwenzangu atasema mchanga wa ndago ungekwaruza enameli zaidi ya tunavyoona. Hoja nzuri. Lakini karibu na pale alipookotwa Zinj palikuwa na chemchemi ya maji baridi, naye alikuwa na mikono ya kuoshea. Hakuna jino litakalonithibitishia kwamba aliosha. Bado nasema ni ndago.