Mashua ya Watu Wanane na Kiti cha Mgonjwa

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu, kabla ya kura



Komite ilituomba sisi tunaopita vijijini kwa kazi ya shirika tuseme neno kidogo kabla ya kura ya leo. Kura yenyewe kila mtu anaijua. Mwanachama akikosa kotizasyo miezi 3, jina lake lifutwe palepale, ao tutafute njia nyingine? Tumesikia maneno ya pande zote mbili, na pande zote mbili ziko na sababu. Njo maana hatukuja kugombeza mtu. Tumekuja kuwaelezea mashua moja.

Hapa kwetu hakuna wa kutufundisha maji. Wengi wenu mulivuka Ziwa Tanganyika mara mbili: mara ya kukimbia, na mara ya kurudi kutoka Kigoma. Lakini mashua hii haivui samaki, haibebi mihogo, haivushi watu. Kazi yake ni mashindano tu. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wanaiita kwa hesabu yake, kila mmoja kwa luga yake: Nane. Inavutwa na watu 8, na wa 9 anashika usukani.

Kwetu mpiga kafi anaangalia mbele. Kwenye mashua ya Nane, wavutaji wote 8 wanapa mgongo kule wanakokwenda. Wanaona paka walikotoka. Kila mmoja ana kasia moja, refu karibu mita 3 na nusu na zaidi, analivuta kwa mikono miwili. Kasia limeshikizwa kwenye vyuma vinavyotokea nje ya ubavu wa mashua. Wanne wanavutia kulia, wanne kushoto. Kiti kina magurudumu madogo, kinakwenda mbele na nyuma, na miguu imefungwa kwenye viatu visivyotoka mashuani. Kumbe nguvu kubwa inatoka miguuni. Mikono inamaliza tu kazi.

Mashua yenyewe ina urefu wa mita 17 ao 18, lakini upana wake ni karibu sentimita 60. Kwa sheria ya mashindano ya dunia, haipaswi kuwa chini ya kilo 96. Fikirini: chombo cha kubeba watu 9, na uzito wake ni kama gunia moja la kilo 100. Ni nyembamba hata haiwezi kusimama peke yake juu ya maji. Kinachoizuia isipinduke ni yale makasia 8, wakati yamekaa sawasawa pande mbili. Mmoja akiinua mkono kuliko wengine, mashua yote inalala upande. Mmoja akiharakisha kiti chake, mashua yote inasikia, inapunguza mwendo.

Viti vimehesabiwa. Wa 1 anakaa kwenye ncha ya mbele. Wa 8 anakaa karibu na mwenye usukani, na yeye njo anayeweka mwendo. Wengine wote wanafuata mgongo ulio mbele yao, mpaka mwendo wa wa 8 unafika kwa wa 1. Mwenye usukani hana kasia. Anakaa nyuma, uso kwa uso na wavutaji. Ni yeye peke yake anayeona njia, na ni yeye peke yake anayeona nyuso zao: nani amechoka, nani anajikaza, nani anajificha.

Mashua hizi ni za zamani. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilianza kushindana nazo kule Uingereza mwaka 1829. Kwenye michezo ya Olimpiki ziliingia mwaka 1900, na leo wanashindana mwendo wa mita 2000. Lakini mashindano tunayotaka kuwaelezea ni ya mwaka 1936, Ujerumani, kwenye maji ya Grünau, pembeni mwa mji wa Berlin.

Marekani ilituma vijana wa chuo kikuu cha Washington, kutoka mji wa Seattle. Hawakuwa watoto wa matajiri. Ilikuwa miaka ya njaa na ukosefu wa kazi, na wengi walitoka kwenye nyumba za watu wa mashamba na wakata miti. Mmoja wao, Joe Rantz, baba yake na mama wa kambo walihama wakamwacha nyumbani peke yake akiwa na miaka kama 15. Alijilea mwenyewe. Watu walioishi kambini wanaelewa habari ya namna hiyo bila kuelezewa mara mbili.

Vijana hawa walishinda mashindano ya kuchagua timu ya Marekani. Halafu wakaambiwa hakuna feza ya kuwapeleka Ulaya. Wakilipa wenyewe watakwenda. Wakikosa, chuo kingine chenye feza kitachukua nafasi yao. Ilitakiwa dola 5000. Magazeti ya Seattle yakatangaza, watu wa mji wakachanga, wakubwa kwa wadogo, na kwa siku chache tu feza ikatimia. Mashua yao ya mbao ya mwerezi, iliyotengenezwa na fundi George Pocock, ikapakiwa melini pamoja nao.

Sasa tunafika kwenye kiti cha mgonjwa. Aliyekaa kiti cha 8, yaani mwenye kuweka mwendo, alikuwa Don Hume. Kule Ujerumani akashikwa na ugonjwa wa kifua. Akapungua mwili, akalala kitandani. Mwalimu wao, Al Ulbrickson, akaamua kumtoa siku ya fainali na kuweka mwingine. Yule mwingine hakuwa mtu mubaya. Alikuwa mzima, alikuwa amejifunza, na sheria ilimruhusu.

Wenzake Hume walikataa. Walimwomba mwalimu amrudishe, wakisema akishaketi tu mule mashuani, wao watamfikisha. Mwalimu akakubali.

Tarehe 14 Agosti mwaka 1936 wakapewa njia ya pembeni yenye upepo mkali. Wakachelewa kuondoka, na nusu ya kwanza ya mwendo walikuwa nyuma. Kelele za watu zilikuwa nyingi hata sauti ya mwenye usukani, Bob Moch, haikusikika. Moch akagonga ubavu wa mashua kwa mbao, kusudi wausikie mwendo mwilini. Hume, mgonjwa vile, akaongeza mwendo, nao wakamfuata. Wakamaliza kwa dakika 6 na sekunde 25.4. Italia ilikuja kwa 6 na 26.0, Ujerumani kwa 6 na 26.4. Kati ya wa kwanza na wa tatu, sekunde 1 tu.

Bon. Mtu anaweza kusema: habari nzuri ya huruma. Hapana, ndugu zetu, tusiisikilize hivyo. Wale vijana walitaka kushinda. Walijua kitu kimoja ambacho daftari halionyeshi: kiti cha 8 kilikuwa na mwendo ambao wote walikuwa wameuzoea mwilini. Mtu mzima asiyeubeba mwendo ule angeweza kuwapunguza kuliko mgonjwa anayeubeba. Walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa pana kuliko ya nguvu peke yake.

Tulete jambo hili hapa kwetu. Katika kijiji kimoja tunapopita, kikundi cha kukausha ndagala kilikuwa na mama mmoja. Hakuwa rais, hakuwa mtunza feza. Lakini yeye njo aliyejua wavuvi wote wa mwalo ule, nani anauza kwa haki na nani anachanganya ndagala za jana na za leo. Akazaa kwa kupasuliwa, akakaa miezi 3 bila kotizasyo. Jina likafutwa, sawasawa na kanuni. Hakuna aliyemwonea, kanuni ilifuatwa. Lakini kikundi kikaanza kununua vibaya, ndagala zikaoza kwenye mchanga, na waliobaki wakaanza kushitakiana. Walifikiri wametoa mtu anayewadai. Kumbe walitoa aliyekuwa anaweka mwendo.

Wale wanaotaka jina lifutwe wanasema: tukibeba kila mtu, tutazama. Wana haki ya kusema hivyo. Kiti cha mtu asiyevuta si bure. Uzito wake unabebwa na mikono ya wengine. Muungano ukimngojea mgonjwa, sanduku litapungua, na mikopo ya msimu wa kupanda itakuwa midogo. Tusidanganyane juu ya hilo. Tena kuna wengine ambao si wagonjwa. Wako na nguvu, wako na soko, lakini wanaweka kasia juu ya maji na kungoja wenzao wavute. Huyo si Hume.

Sasa tutawajuaje? Mvutaji hawezi kujua, maana anaona mgongo mmoja tu ulio mbele yake. Anayejua ni mwenye kukaa uso kwa uso na wote. Kwetu hiyo ni kazi ya komite. Watu wengine wanauliza juu ya nini wanakomite wanapewa feza ya safari na hawavuti kasia. Jibu liko hapa: wamewekwa kuangalia nyuso. Kama komite inakaa ofisini na kuangalia daftari tu, basi kweli ni uzito wa bure mashuani.

Njo maana tunaleta mapendekezo matatu, muyapigie kura jinsi mutakavyoona. La kwanza: jina la mtu lisifutwe mpaka wanachama wawili wamefika nyumbani kwake, wamemwona kwa macho, wameleta habari mbele ya komite. La pili: mgonjwa, mzazi na mwenye msiba alindiwe kiti chake miezi 3 mingine, deni lake liandikwe wazi, alipe kidogokidogo akipona. La tatu: mwenye nguvu anayekataa kuvuta aonywe mara moja mbele ya watu, na asiposikia, atoke. Hapo kanuni itabaki kanuni.

Kwenu wafadhili tuna neno moja. Zile dola 5000 za watu wa Seattle hazikuvuta kasia hata mara moja. Lakini bila zile feza, nafasi ingechukuliwa na wenye mfuko, na wenye kustahili wangebaki bandarini. Tunawaomba mutusaidie kwenye ile miezi 3 ya kulinda kiti, maana hapo njo sanduku la wanachama linapokosa nguvu. Kuvuta tutavuta wenyewe. Na daftari la majina, la waliotembelewa na la waliorudi, mutaliona kila mara gazeti hili linapotoka.

Mashua ile ya mwaka 1936 iko mpaka leo, imetundikwa kwenye nyumba ya mashua ya chuo chao kule Seattle, juu ya meza ambapo wavutaji wa leo wanakula. Viti vyake ni 8, na cha mwenye usukani. Sisi hapa tuna viti vingi kuliko hivyo, na leo jioni, kisha kura, kila mmoja atajua kama kiti chake kitamngojea siku atakapougua.

Sasa ni zamu yenu.