Hofu ya Mtihani



Wakati wa mitihani unakaribia. Watoto wa darasa la sita la shule ya msingi wanajitayarisha kwa mtihani wao, na kaka na dada zao wanaomaliza sekondari wanangojea Mtihani wa Serikali, ule tuuitao kwa Kifaransa Examen d'État, ulioanzishwa katika nchi yetu mwaka 1967. Kijana amesoma miaka sita ya sekondari, baba ameuza mbuzi, mama amebeba mihogo hadi sokoni, na kazi hiyo yote yatazamwa kwa siku chache tu, tena katika lugha ya Kifaransa, ambayo wengi hawaisemi nyumbani. Asiyefikisha alama 50 kwa mia hapati diploma. Si ajabu basi kwamba mtoto anaogopa.

Mwajua jinsi inavyokuwa. Usiku ule mtoto alijua masomo yake yote. Asubuhi anapewa karatasi, mikono yatetemeka, tumbo lauma, jasho lamtoka, na mambo aliyoyajua yametawanyika kama ndege waliotupiwa jiwe. Akitoka nje, chini ya mwembe, yote yanarudi.

Swali: Je, hofu hiyo ni dhambi, au ni alama ya imani haba?

Jibu: La. Bwana wetu mwenyewe alipata uchungu katika bustani ya Getsemani. Mtakatifu Luka asimulia kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Yeye hakuwa na dhambi wala hakukosa imani. Basi mwalimu au mzazi asimwambie mtoto anayetetemeka kwamba hasali vya kutosha. Maneno hayo humwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Swali: Je, ni uchawi? Je, kuna mtu aliyemfunga mtoto akili?

Hapa nataka kukaa kidogo, maana neno hili linaharibu nyumba nyingi. Mwenyezi Mungu ameumba mwili wetu uweze kujikinga. Ukikutana na nyoka njiani, moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, damu huenda kwa wingi katika miguu na mikono, ili ukimbie au upigane. Wakati huo mwili hauhangaikii chakula, ndiyo maana tumbo husokota. Sasa, mwili haujui kupambanua vema kati ya nyoka na karatasi ya hesabu. Kijana akiona hatari mbele yake, mwili unajitayarisha kukimbia, naye ameketi kwenye benchi. Hiyo ndiyo sababu ya tumbo kuuma. Siyo shangazi, wala bibi mzee anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Kumshtaki mama mkongwe kwa sababu mjukuu wake ameshindwa hesabu ni kosa kubwa mbele ya Mungu, na hakumpatii mjukuu alama hata moja. Tena yule anayewauzia wanafunzi dawa ya kufunga shingoni au ya kupaka kalamu anauza uongo, naye yuajua.

Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, waliwafundisha panya kuchagua baina ya njia nyeupe na njia nyeusi. Panya aliyekosea alipata maumivu kidogo ya umeme. Wataalamu wakaona hivi: kazi ilipokuwa rahisi, maumivu makali yaliwafanya panya wajifunze upesi. Lakini kazi ilipokuwa ngumu, maumivu makali yaliwachelewesha, na yale ya kadiri ndiyo yaliyofaa. Mtoto si panya, nasema hivyo kabla hamjaniandikia barua. Lakini walimu wameona jambo linalofanana na hilo darasani: hofu kidogo humwamsha mwanafunzi, hofu kubwa humfunga, hasa katika maswali magumu.

Sikieni basi, akina baba. Wako wazazi wanaosema asubuhi ya mtihani: «Ukianguka, usirudi nyumbani kwangu.» Nafikiri wanadhani wanamtia mtoto nguvu. Lakini mtoto ameingia katika chumba akiwa na maswali mawili: lile la karatasi, na lile la mahali atakapolala ikiwa atashindwa. Akili ni kama kikapu, haichukui vitu vingi kwa mara moja. Swali la kulala likijaza kikapu, la hesabu litawekwa wapi? Tena wako vijana waliosikia neno hilo, wakashindwa, wakalitii kweli: walipotea barabarani au migodini, na mama zao wawatafuta mpaka leo. Diploma ni karatasi njema, mimi sipingi. Lakini mtihani huweza kurudiwa mwaka wa pili, na mwana aliyepotea hanunuliwi sokoni.

Kumbukeni habari za Mtakatifu Yoane Maria Vianney, Mfaransa, mtoto wa wakulima. Alizaliwa mwaka 1786, akakua wakati wa fujo kubwa nchini mwake, akachelewa kuanza shule. Alipotaka kuwa padri, masomo ya seminari huko Lyon yalikuwa kwa Kilatini, lugha isiyokuwa ya nyumbani kwake. (Ninyi mnaosoma kwa Kifaransa mwaelewa shida yake.) Alirudishwa nyumbani. Alipoitwa mbele ya wenye kumpima alichanganyikiwa, hakuweza kujibu. Lakini padri mzee aliyemfundisha, jina lake Balley, hakumtupa. Aliomba apimwe tena, kwa lugha yake mwenyewe, naye akajibu vema. Alipata upadri mwaka 1815, akatumwa katika kijiji kidogo cha Ars, na watu wakamiminika kutoka pande zote kuungama kwake. Baba Mtakatifu alimtangaza mtakatifu mwaka 1925. Mimi hupenda kumfikiri yule Padri Balley. Kila mwanafunzi mwenye hofu amhitaji mtu mmoja wa namna hiyo.

Wengine wamwomba Mtakatifu Yozefu wa Cupertino, somo wa wenye kufanya mtihani. Husimuliwa kwamba hakuweza kueleza ila fungu moja tu la Injili, na siku ya mtihani askofu akafungua kitabu papo hapo. Ni vizuri kumwomba. Lakini kijana anayesoma fungu moja tu kwa makusudi, akingoja askofu wake, anamjaribu Mungu.

Sasa maneno machache kwenu, wanafunzi. Kusoma daftari mara kumi huku macho yakipita juu ya mistari hakufai sana. Fungeni daftari, jiulizeni maswali, andikeni majibu, kisha fungueni mtazame mlipokosea. Anayefanya hivyo kila siku nyumbani amezoea kuulizwa, na siku yenyewe si ngeni kwake. Tena laleni. Katika usingizi akili hupanga yale iliyojifunza mchana, kama mama apangavyo ghala. Mikesha ya sala na mfungo usiku wa kuamkia mtihani mimi siishauri. Salini jioni pamoja na jamaa, kwa ufupi, halafu zimeni taa. Asubuhi mama ampe uji.

Mkiwa mmeketi mbele ya karatasi na moyo wapiga mbio, vuteni pumzi polepole, mkaitoe polepole zaidi kuliko mlivyoivuta, mara tano au sita. Moyo utatulia. Anzeni na swali mnalolijua. Na neno jingine: mwaka 2011 wataalamu Ramirez na Beilock wa Marekani walitoa habari kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walijibu vizuri zaidi kuliko wenzao. Karatasi hiyo haisomwi na mtu. Ichaneni ikiisha kazi.

Wazazi, mtoto akirudi jioni msimkamate mlangoni kumwuliza kila swali alilijibu namna gani. Kesho ana mengine. Mpeni maji ya kuoga na chakula, na mmwachie dada yake kazi ya kuchota maji kwa siku hizo chache. Siku matokeo yatakapotangazwa, mtasikia kelele na kuona vijana waliomwagiwa poda nyeupe kichwani wakicheza barabarani. Kama wako hayumo kati yao, usitoke nje kuwatazama wa wenzako. Kaa naye ndani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na somo la amri ya nne, sehemu ya wajibu wa wazazi. Kwaherini.