Usingizi wa pono

Nilipokuwa mtoto kule Kabanga, wilayani Ngara, mwalimu alinikuta nimesinzia darasani. "Wewe, umelala usingizi wa pono?" akauliza. Darasa zima likacheka, wala hapakuwa na hata mmoja aliyejua pono ni nini. Samaki wetu walikuwa dagaa na sangara wakavu wa Ziwa Victoria. Bahari ya Hindi iko takriban kilomita 1,000 kutoka pale mpakani na Burundi.

Nilikuja kumwona ukubwani, soko la Feri, Dar es Salaam. Ana magamba makubwa, na meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike wa rangi ya kahawia au nyekundu. Baadaye baadhi yao hugeuka madume na kuvaa kijani na buluu. Makao yake ni kwenye matumbawe. Usiku hujibanza katika mwanya wa mwamba, na aina nyingine hujifunika utando wa ute unaowakinga na wadudu wanyonyao damu. Hulala fofofo, hata mpiga mbizi humkaribia asishtuke.

Lakini mchana pono si mvivu. Kutwa hukwangua mwani juu ya mwamba, matumbawe machanga yakapata pa kushika. Mawe anayoyameza huyasaga akayatoa yakiwa mchanga. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka, na mchanga huo ndio sehemu ya fukwe nyeupe tunazojivunia.

Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya Mafia na Zanzibar. Kwa miaka mingi pia watu walivua kwa baruti, ingawa sheria inakataza. Mlipuko mmoja huua samaki na kubomoa nyumba yake. Operesheni za mwaka 2016 na zilizofuata zilipunguza sana milipuko hiyo. Hata hivyo, kwetu Kabanga mgomba ukikatwa, chipukizi liko pembeni. Mwamba ukivunjwa, huenda wajukuu ndio watakaouona umepona.

Wewe mnunuzi wa mjini una sehemu yako. Samaki wa baruti hutambulika: mifupa imevunjika, nyama imelegea. Ukimwona, muulize muuzaji kavuliwaje, na usimnunue.

Pono akiamka alfajiri huenda kazini. Anayejua samaki kavuliwa kwa baruti, akalipa na kunyamaza, huyo ndiye aliyelala.