Nadharia Zinazoshindana na Suala la Kipimo: Mfano wa Ngeli za Kiswahili



Mwaka 1962 Thomas Kuhn na Paul Feyerabend, kila mmoja katika maandishi yake, walidai kwamba nadharia mbili za kisayansi zinazoshindana huweza kukosa kipimo cha pamoja. Istilahi yao ilitoka katika hisabati. Mshazari wa mraba, yaani mstari unaounganisha pembe mbili zinazotazamana, na upande wa mraba huo havina kizio kimoja kinachovipima vyote viwili kikamilifu. Vivyo hivyo, neno moja likihama kutoka nadharia moja hadi nyingine huweza kubadilika maana. Je, kuzilinganisha ni kazi bure?

Isimu ya Kiswahili ina mfano wake. Nadharia ya kimofolojia, iliyojengwa juu ya jadi ya Bleek na Meinhof, huainisha nomino kwa viambishi awali. Hivyo *kiboko* na *kiti* huwekwa katika ngeli moja. Nadharia ya kisintaksia hutazama upatanisho wa kisarufi: *kiboko amelala*, *viboko wamelala*, hivyo *kiboko* huingia A-WA pamoja na *mtu*. Neno "ngeli" katika nadharia ya kwanza hutaja umbo la nomino. Katika ya pili hutaja mwenendo wake ndani ya sentensi. Mwanafunzi aliyefundishwa nadharia moja, akasahihishwa kwa nyingine, huweza kunyimwa alama ilhali hakukosea.

Hata hivyo, nadharia zote mbili zinawajibika kwa sentensi zilezile za wasemaji. Ya kwanza hueleza kwa wepesi wingi *viboko*, lakini hulazimika kuongeza kanuni ya uhai ili ipate *wamelala*. Ya pili huipata *wamelala* bila taabu, lakini hudaiwa maelezo ya ziada kuhusu *watu*, *viboko* na *marafiki*: ngeli moja, maumbo matatu ya wingi. Kila moja ina gharama yake, na gharama huweza kulinganishwa.

Sentensi *Rafiki yangu amefika* huzitahini zote. *Yangu* hufuata I-ZI. *Amefika* hufuata A-WA. Nadharia ya kisintaksia haiwezi tena kudai kwamba upatanisho peke yake huipa kila nomino ngeli moja. Ya kimofolojia nayo hukutana na nomino isiyo na kiambishi awali cha kushikia katika umoja, na bado huihitaji kanuni ya uhai.

Kuhn mwenyewe, katika maandishi yake ya baadaye, alisisitiza kwamba kukosa kipimo cha pamoja si kutolinganishika. Mshazari na upande wa mraba havina kizio kimoja, lakini hakuna ashukuye kwamba mshazari ndio mrefu zaidi. Kwa hiyo mtafiti ana maswali mawili ya kutangulia hukumu: istilahi ina maana gani ndani ya kila nadharia, na ni sentensi zipi ambazo hakuna nadharia iwezayo kuzikwepa?