Mgongo, Magoti na Ganzi: Tutibiweje Bila Kisu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya Ruiru na Thika)

 

Nianze na mgongo wangu mwenyewe. Nilikuwa nikichota maji mara nne kwa siku, mtungi wa lita 20 mgongoni na mukwa umebana kipaji. Huo mtungi ni kilo 20, mjue. Siku moja niliinama kuokota jembe, nikashindwa kuinuka. Nikapelekwa kwa mtu mmoja mwenye kamashine ka kushika mkononi. Akasema eti mifupa imeisha, nitapasuliwa nisiponunua dawa zake. Niliuza mbuzi wawili. Dawa zikaisha, mgongo ukabaki vile vile.

Baadaye nilienda kwa mtaalamu wa fiziotherapi. Hakunipa hata kidonge. Aliniangalia nikitembea, akauliza ninabebaje maji, akanifundisha mazoezi matatu na kuniambia nibebe nusu mtungi. Baada ya wiki sita nililima tena. Sisemi umepona kabisa. Baridi ya Julai bado hunikumbusha.

Maumivu mengi ya kiuno hayataki kisu. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, lilitaja mazoezi na mafundisho, na likashauri mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo visiwe matibabu ya kawaida. Kulala kitandani wiki nzima kunalegeza misuli tu. Tembea kidogo kidogo.

Goti nalo linataka misuli ya paja yenye nguvu, na uzito ukizidi upunguzwe. Ukitumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande wa goti lisilouma. Wengi wetu hapa tunashika kinyume, nimewaona mkiingia!

Na nyayo zikiwaka moto au zikifa ganzi, usikimbilie mafuta ya kuchua. Kapimwe sukari kwanza. Pombe nyingi pia huharibu neva, na wengine huanza ganzi wakiwa kwa dawa za TB: hao wasiache dawa, wamwambie daktari.

Jambo linaloniuma ni hizi sindano na vidonge vya kila siku kutoka duka la dawa. Diclofenac na Brufen husaidia kwa siku chache, lakini ukizoea, zinatoboa tumbo na kuumiza figo, hasa ukiwa na presha.

Basi twende wapi? Anza zahanati iliyo karibu, uandikiwe barua. Hospitali ya Thika, ile ya ngazi ya 5, ina fiziotherapi. Wa Ruiru waulize kwanza hospitali yao pale mjini. Ukienda kwa mtu binafsi, omba kuona leseni ya Baraza la Fiziotherapi. Sheria yake ni ya mwaka 2014. Na kwa kuwa SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha umejiandikisha, na uulize inalipa nini kabla hujaguswa.

Lakini kuna mgongo usiongojewa. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, makalio na katikati ya mapaja yakifa ganzi, miguu ikiishiwa nguvu, au umeanguka kutoka bodaboda: hospitali siku hiyo hiyo, usichuliwe na mtu. Homa, jasho la usiku na kukonda pia visipuuzwe, maana TB huingia hata kwa uti wa mgongo. Hapo kisu kikihitajika, tusikiogope.

Ombi langu ni hili. Fiziotherapi si ya siku moja. Watu huacha baada ya safari ya kwanza kwa kukosa nauli. Kikundi kitenge nauli ya safari nne kwa mgonjwa mmoja, arudishe polepole. Mweka hazina yuko hapa, tuulizane kama inawezekana kabla pesa hazijagawanywa.